Jina Nililolichonga Kabla ya Zamu ya Uganda

Mkitaka kucheka chekeni, nimeshazoea, Kariakoo nzima imenicheka na bado inanicheka, tena kuna dada mmoja muuza vitenge kila nikipita ananiuliza, "Rukia, bingwa mwaka huu nani?" na mimi natabasamu huku moyoni namuombea yasiyosemeka. Ila leo nawaeleza mwenyewe, maana ya mitaani yametiwa chumvi, na ile sehemu inayoniuma mimi huwa hawaisemi.

Baba yangu alikuwa na duka la vikombe na medali, yeye na mdogo wake, Ami Seif, na kazi ya kuchonga majina kwenye vikombe alinifundisha baba mwenyewe, pale mezani kwake, mpaka alipofariki (Mungu amrehemu). Ami akabaki na duka, na tangu hapo wimbo wake ukawa mmoja: vikombe havitoki, meza ya marehemu iondoke, tuweke kava za simu. Nikamlilia, nikamsihi. Siku moja akaniita.

"Kuna kikombe kinagombewa na timu za taifa za kriketi, sisi na Uganda. Wanataka fundi awe uwanjani, mechi ikiisha tu jina la bingwa lichongwe hapohapo. Nenda. Ukinipa sifa, meza ya baba yako inabaki, na wewe unabaki nayo. Ukiniharibia usinilaumu."

Sasa jamani, mimi kriketi naijulia wapi? Nikakaa na mashine yangu chini ya turubai, kikombe kinameremeta mbele yangu. Vijana wetu wakapiga, mpira unaruka kule, makofi, ubao unapanda tu: sisi tuna mikimbio mia na ushee, wenzetu hawana hata mmoja (yaani hata mmoja, nikawaonea na huruma). Mara wote wakatoka uwanjani wakipongezana, na nyuma yangu masufuria ya pilau yakafunuliwa. Pilau! Kwetu mnakujua, iwe harusi iwe maulidi, pilau haitoki mpaka shughuli imekwisha, nani anakula katikati ya shughuli? Nikasema basi, yameisha. Ningeweza kuuliza, Bwana Hemedi, yule mratibu, alikuwa palepale anajipakulia, lakini nikaona aibu, fundi mzima niulize nani kashinda wakati ubao unasomeka? Nikawasha mashine. Nikachonga TANZANIA BINGWA, herufi za kuringia, na maua chini yake kama alivyokuwa akiweka baba. Nikampigia simu Ami: "Njoo tupige picha, tumeshinda!" Akaja na kanzu yake mpya.

Na mimi nikajipakulia. Tonge halijafika mdomoni naona watu wanarudi uwanjani. Nikamuuliza mama mmoja aliyekaa jirani yangu, "Wanarudi kufanya nini?"

"Sasa ndiyo zamu ya Uganda kupiga, mwanangu. Wakiipita hesabu yetu, kikombe chao."

Nikalirudisha tonge sahanini. Wallahi siku ile hakuna Mtanzania aliyeipenda nchi yake kama mimi, nilisoma dua zote ninazozijua mpaka ile ya kuingilia chooni, na Waganda wanapiga taratibu, bila papara, kama watu wanaopepeta mchele, mpaka wakatupita. Kijana wetu mmoja akakaa chini akajifuta macho kwa jezi. Nilitamani nikamkalie pembeni tulie wote.

Nikachukua utepe wa zawadi nikauzungushia pale penye jina, nikamkimbilia Bwana Hemedi nimwambie ukweli. "Baadaye dada, mgeni rasmi ana haraka!" Akanipokonya kikombe. Nahodha wa Uganda akakipokea, akakinyanyua juu, utepe ukateleza ukaanguka. Akakishusha, akakigeuza, akasoma kwenye kipaza sauti, "Tanzania bingwa," halafu akauliza kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, tena kwa upole kabisa, "Sasa hii ni ya nani?" Uwanja ukaangua kicheko, wetu na wao, simu zote juu zinanirekodi.

Hayo ningeyavumilia. Lakini Bwana Hemedi akageuka, mishipa ya shingo imemtoka: "Huyu fundi ni wa duka la nani?" Nikamtazama Ami. Mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, aliyenishika mkono siku tunamzika baba. Ami akaweka kofia yake sawa, akasema mbele ya watu wote, "Hata simjui vizuri. Kibarua tu, tulimwokota Buguruni."

Kikombe kilisuguliwa, kikachongwa upya na fundi mwingine. Meza ya baba iliuzwa, sikuambiwa, niliikuta tu haipo. Siku hizi nachonga majina kwenye vishika funguo, kwenye baraza ya watu, Buguruni kwelikweli, na nimeapa siwashi mashine mpaka nimeuliza, hata swali liwe la kijinga namna gani, wanicheke kabla si baada.

Idi iliyopita nikasema yaishe, yule ndiye baba niliyebaki naye. Nikavaa, nikaenda dukani kumpa mkono.

"Shikamoo Ami. Idi mubaraka."

"Marahaba," akajibu, mkono hakuutoa, akavuta droo. "Simu yako aina gani, tukutafutie kava?"