Alama Niliyoichora Mwenyewe

Kwenye chumba changu cha kushonea kuna benchi ambalo siku hizi halikaliwi na mtu. Zamani lilijaa kina mama wa ploti yetu, wengine hawana hata kifungo cha kushonewa, wamekuja tu kupiga soga. Nilikuwa nikilalamika kwamba wananichelewesha. Sasa naweza kushona sare za shule nzima bila kukatizwa, na ukimya huu naumia nao kuliko nilivyowahi kuumia na kelele zao.

Ploti iko Umoja, nyumba za kupanga zinazotazamana kwenye kikorido. Mume wangu ni dereva wa lori na anaweza kumaliza wiki tatu bila kuonekana, kwa hivyo mtu wangu wa karibu hakuwa yeye. Alikuwa jirani wa mlango unaotazamana na wangu, muuzaji wa mitumba katika soko la Muthurwa. Alipojifungua binti yake alikaa nyumbani miezi mitatu, kisha akarudi sokoni na mtoto akaniachia mimi. Hatukukubaliana kwa maneno. Alibisha asubuhi, akamlaza kwenye katoni niliyoitandika mabaki ya vitambaa kando ya cherehani, akaenda zake.

Mtoto huyo alilala kwa mlio wa cherehani. Nikikanyaga, analala fofofo. Nikisimama kutia uzi, anafumbua macho na kunung'unika, nami namwambia, "Haya, bosi, narudi kazini." Mwanangu, aliyekuwa na miaka mitatu, alicheka kila mara. Siku zangu zilikuwa hivyo na sikujua kwamba nilikuwa na furaha.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mwanangu alipokuwa mchanga nilichelewa kumpeleka kliniki, na muuguzi akafungua kitabu chake mbele ya foleni yote. "Wewe mama, ulitakiwa hapa miezi miwili iliyopita. Ama ulifikiri watoto wanajilea?" Benchi zima likacheka. Mimi sipendi kuchekwa, hasa na watu ambao suruali za waume zao nimezitia viraka. Niliondoka na sikurudi tena. Baadaye kundi letu la simu la kina mama wa kanisani likatumiwa sauti ya mtu aliyejiita daktari, akisema chanjo zinaharibu watoto. Sikumwamini kabisa, lakini alinifaa. Alinipa sababu ya heshima ya kufunika hasira yangu.

Halafu ikaja kampeni ya surua. Gari lenye spika lilipita mtaani likitangaza kwamba watoto wote wa kuanzia miezi tisa hadi miaka mitano wapelekwe kwenye hema, uwanjani pa shule. Aliyechanjwa alipakwa wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kisha wahudumu wa afya wakapita mlango kwa mlango kuangalia vidole. Sikutaka kubishana nao. Mimi ni fundi na sikosi makapeni, ile kalamu nene ninayoandikia majina ya wanafunzi ndani ya kola. Nilimwita mwanangu, nikampaka wino kwenye kucha. Alifurahi, akaomba nimpake na kidole cha pili.

Mhudumu alikuwa msichana mpole. "Sasa mama. Tunacheki vidole tu." Aliangalia, akaandika kwa chaki kwenye fremu ya mlango, akaendelea. Jirani yangu alikuwa amesimama pale na binti yake mgongoni, wakati huo ana miezi sita, bado mdogo mno kuchanjwa.

"Mama Boi wewe ni mjanja," akaniambia. "Umeenda kabla laini ijae."

Nikacheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka.

Miezi miwili baadaye mwanangu alishikwa na homa, kikohozi na macho mekundu. Nilidhani ni mafua ya baridi ya Julai, na kwa siku tatu alikohoa kando ya ile katoni. Siku ya nne upele ukatokea nyuma ya masikio ukashuka usoni, na nikajua kabla daktari hajasema. Yeye alipona. Ngozi ilimbambuka, akarudi kucheza.

Binti wa jirani aliugua baada ya wiki moja na ushei. Ilikuwa imebaki mwezi mmoja tu afikishe umri wa kuchanjwa. Surua iliingia kwenye mapafu, akalazwa na kuwekewa oksijeni. Nilimpelekea mama yake uji kwenye thamosi kila siku, naye alinikumbatia akasema hajui angefanya nini bila mimi. Nilitamani sakafu ya wodi ile inimeze. Lakini sikusema kitu.

Mtoto aliruhusiwa kutoka akiwa hai, amekonda, masikio yanatoa usaha. Kina mama wakaja kumwona, wakakaa kwenye benchi langu, na hapo ndipo niliposikia matunda ya kazi yangu.

"Hiyo chanjo ni kazi bure," jirani yangu alisema. "Mtoi wa Mama Boi si alidungwa? Sote tuliona kidole. Na bado akashikwa, akampa wangu."

Mama wa nyumba ya chini, mwenye mtoto wa miezi kumi, akaitikia, "Basi hata mimi wangu simpeleki."

Wengine wakaguna kukubali. Nilikanyaga cherehani kwa nguvu nisisikie. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wameona kwa macho yao, na kitu walichokiona nilikuwa nimekitengeneza mimi.

Nilikaa na hilo wiki nzima. Nilijiambia nikisema nitampoteza jirani yangu, nisiposema mtoto wa nyumba ya chini atafuata, na kila asubuhi nilichagua kutompoteza.

Kisha masikio yakakauka na jirani akarudi sokoni, katoni ikarudi mahali pake. Siku moja uzi ulikatika nikasimama. Nikasubiri bosi aamke. Hakuamka. Nikakanyaga, nikasimama. Nikapiga makasi juu ya meza. Mwanangu alishtuka kutoka upande wa pili wa chumba. Yule katika katoni aliendelea kulala.

Jioni mama yake alipokuja kumchukua nilimwomba akae.

"Alama ile niliichora mimi," nikasema. "Mwanangu hakudungwa."

Aliitazama mikono yangu. "Uliichora na nini?"

Nikatoa makapeni kwenye droo nikampa. Alifungua kifuniko, akachora mstari kwenye kucha yake, akautazama.

"Inafanana," akasema.

Nikaona bora nimalize. Nikamwambia kuhusu cherehani, kwamba mtoto haamki tena nikisimama, kwamba naogopa hasikii.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nangoja wewe uniambie si kweli."

Akambeba mwanawe akaondoka. Katoni aliiacha.

Kesho yake aliwatangazia wote kwenye kamba za nguo, kwa sauti, neno kwa neno. Nilikuwa ndani nikisikia, na pamoja na aibu yote nilimshukuru, maana mimi nisingethubutu. Wiki hiyohiyo mama wa nyumba ya chini alipita mlangoni kwangu na mtoto wake ana pamba ya sindano mkononi, hakunitazama. Nami nilimpeleka wangu. Muuguzi wa siku hiyo alikuwa mwingine na hakuuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nikarudi nyumbani nikalia.

Tangu hapo ni mwaka na zaidi. Sare zinaletwa na mwalimu, nampa zikiwa tayari, basi. Mume wangu huniuliza kwa simu kina mama wako wapi, mbona kimya. Namwambia wana shughuli.

Lakini yule binti sasa anatembea. Mlango wao ukiachwa wazi anavuka kikorido, anakuja moja kwa moja kwenye cherehani na kulaza shavu lake juu ya ubao wa meza. Anausikia mtetemo. Nikisimama, anainua kichwa na kuninunia, kama zamani. Kwa hiyo nakanyaga tu, hata pasipo kitambaa chini ya sindano, asije akaondoka.

Mama yake huja akasimama mlangoni. Hanisalimii. Angekuwa mtoto mwingine angemwita kutoka palepale, lakini huyu hata akiitwa haitiki, kwa hiyo inambidi aingie ndani, apite kando ya benchi, ainame karibu na magoti yangu amchukue. Ndipo tu anapoingia kwangu siku hizi.