Soksi za Mzee Ratili

Wengi waliofanya naye kazi bohari hawakujua kwamba jina la Ratili halikuwa lake. Lilikuwa la baba yake, mpima mizigo wa zamani wa bohari ileile, enzi za mizani ya jukwaa na mawe ya chuma, uzito ulipoandikwa kwa ratili. Baba huyo alisifika kwa jambo moja tu. Akishapanga mawe yake, alirudi nyuma hatua mbili na kufunga mikono mgongoni, ili kila aliyekuwapo aone kwamba hakuna mguu wala kidole chake kilichogusa jukwaa. Hakuacha nyumba wala shamba. Aliacha hilo. Mwanawe alipoajiriwa hapo kuendesha foklifti, wachukuzi wa siku hizo wakamwita Ratili hata kabla ya kumuuliza anaitwa nani, naye akalipokea jina kama mtu anayevaa koti la marehemu: kwa heshima, na kwa kuchunga lisichanike.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na minane, na koti lilikuwa limeanza kumlemea mabegani.

Mwezi uliopita mkewe alikuwa ameteleza bafuni na kuvunjika nyonga. Kila alfajiri, kabla ya kazi, Mzee Ratili alijaza ndoo, akapika uji, akambadilishia mgonjwa shuka na kumgeuza upande usiouma. Binti yao wa pekee alikuwa karani katika ofisi ya bohari hiyohiyo, na angesaidia kwa moyo wote, lakini mama hakutaka kuoshwa na mwanawe. Alisema aibu zake alishamkabidhi mtu mmoja siku ya ndoa, na mtu huyo hajafa. Kwa hiyo mumewe alifika kazini akiwa tayari ameshamaliza kazi ya siku moja, magoti yakimlia kama bawaba za mlango wa zamani.

Kazini alikuwa na kipaji ambacho hakukisomea. Foklifti ikibeba mzigo mzito mbele, magurudumu ya nyuma huwa mepesi na usukani hulegea kidogo mikononi. Kwa kulegea huko yeye alijua uzito. Angesema, "Hii mia sita na kumi," mzigo ukapelekwa kwenye mizani ya sakafuni, na tofauti haikuzidi kilo kumi. Madereva vijana walishindana naye kwa soda, na kwa miaka mingi hakuna aliyekumbuka kumwona akinunua soda yake mwenyewe.

Kisha kampuni ikafunga mizani kwenye foklifti zenyewe. Sasa dereva alitakiwa kusimamisha mlingoti wima, kuinua uma, yale meno mawili ya chuma ya kubebea, hadi kwenye alama nyekundu, kusimama kimya, na kungoja namba itulie kwenye skrini ndogo iliyo mbele ya usukani. Baada ya hapo alipita mlangoni chini ya fremu yenye kamera, ambayo ilipima urefu, upana na kimo cha mzigo. Wiki ya kwanza, kipande cha nailoni kilichobanduka kwenye paleti ya sabuni, ile chaga ya mbao ya kubebea mzigo, kilipeperuka chini ya kamera, na mashine ikaandika kwamba sabuni ile ilikuwa pana kuliko mlango iliopitia. Mzee Ratili alikisimulia kisa hicho kwa mwezi mzima.

Lakini namba hizo hazikuwa mchezo. Zilikwenda zenyewe hadi kwenye kompyuta ya binti yake, kila moja ikiwa na jina la dereva aliyepima. Kampuni ilikuwa imeruhusiwa kujipimia mizigo ya ndege, na kule uwanjani hakuna aliyepima mara ya pili. Aliyepanga mizigo tumboni mwa ndege aliiamini karatasi ya uzito iliyotoka bohari.

Mzee Ratili na mashine hawakuwa marafiki. Alitundika kofia yake juu ya skrini, akisema jua linamrudishia mwanga machoni, na aliiondoa tu akishainua mzigo. Kanuni ilisema dereva aitazame skrini uma ukiwa mtupu kabla ya kila mzigo, kuhakikisha inaonyesha sifuri. Kwake hilo lilikuwa kama kuambiwa ahesabu vidole vyake kila asubuhi. Msimamizi, mtu wa umri wa mdogo wake wa mwisho, alikuwa ametangaza kwamba mwisho wa mwezi angechagua madereva wanne wa kubaki kwenye kupima. Waliosalia wangekwenda ua wa nyuma kubeba paleti tupu. Hakumtaja mtu, ila alisema kwamba anayepigana na mizani ajue anapigana na nani.

Jumanne moja ilianza na kreti moja ndefu ya milango. Kwa mizigo mirefu huwa wanavisha uma vipande virefu vya chuma, ambavyo wenyewe walivibatiza soksi. Kila kimoja kina kilo arubaini. Mzee Ratili alivivisha, akabonyeza kitufe cha sifuri ili uzito wa soksi usihesabiwe kwenye mzigo, kama inavyotakiwa, akapima kreti. Kisha akazivua soksi, akaziegemeza ukutani, akaweka kofia mahali pake na kwenda kwenye kazi kubwa ya siku: paleti kumi na moja za pampu za maji, za kuondoka kwa ndege ya jioni.

Kwa paleti ya kwanza usukani ulimwambia mia sita na arubaini. Aliondoa kofia. Mia tano na sitini.

Dereva kijana waliyemwita Kasi, kwa sababu hajawahi kukata kona polepole, alikuwa amesimamisha foklifti yake pembeni kusubiri njia. Akachungulia.

"Mzee, leo ratili zimepungua? Au mama amekunyima chai?"

Mzee Ratili akarudisha kofia juu ya skrini. Paleti ya pili alisema mia saba na kumi, skrini ikasema mia sita na thelathini. Ya tatu vivyo hivyo, na ya nne. Kufika ya tano hakusema tena kitu, si kwa sauti wala moyoni. Aliinua, akangoja, akasoma, akapita chini ya kamera. Kasi naye alinyamaza, na kunyamaza kwa Kasi kulimuuma kuliko masihara. Aliishika tena na tena ile duara ya usukani, akahisi kama mtu anayemwita mbwa wake na mbwa hageuki. Alimkumbuka baba yake, jinsi mwishoni, macho yakiwa yamefifia, alivyokuwa akisoma mawe ya mizani kwa kuyapapasa. Basi hivi ndivyo uzee unavyokuja, alijiambia. Hauanzi na magoti. Unaanza na kile unachojivunia.

Saa tisa alasiri paleti ya mwisho iliingia kwenye lori. Mzee Ratili alirudi kivulini na uma mtupu, akachukua kofia kutoka kwenye skrini ajipanguse jasho la shingo. Skrini ilikuwa imeandika themanini, na mbele yake alama ya kutoa.

Aliitazama kwa muda. Kisha akageuka kutazama ukutani, mahali soksi mbili zilipoegemea.

Kilichomjia kwanza kilikuwa furaha, na baadaye aliona haya kwa ajili yake. Mikono yake haikudanganya. Mia sita na arubaini ilikuwa mia sita na arubaini. Ndipo hesabu ya pili ikafika: alikuwa ameiambia mizani isihesabu kilo themanini za soksi, akazivua soksi, na hakuiambia kwamba amezivua. Kwa hiyo paleti kumi na moja zilikuwa zikienda kwenye ndege zikiwa na kilo mia nane na themanini ambazo karatasi haikuzijua.

Dereva wa lori alikuwa tayari anagonga matairi yake kwa rungu. Mzee Ratili aliendesha hadi getini, akasimama katikati ya njia na kuzima injini.

"Mzee wangu, ndege hainisubiri mimi," dereva wa lori alisema.

"Leo itakusubiri. Rudisha nyuma."

Msimamizi alitoka mbio na kuuliza kuna nini. Mzee Ratili alimwambia kwamba uzito wa pampu si sahihi, kila paleti imepungukiwa kilo themanini. Alisema hivyo tu. Alikuwa amechoka, kwanza lori lirudi, mengine yatafuata, ndivyo alivyojiambia. Paleti zikashushwa. Mbele ya macho ya wote alibonyeza kitufe cha sifuri, na kabla ya kila mzigo kupimwa Kasi alimuuliza, "Ngapi, Mzee?" naye akajibu. Mia sita na arubaini. Mia saba na kumi. Skrini ilimfuata kama mtoto anayejifunza kusoma, ikikosea kilo tatu hapa, tano pale. Wapakiaji wakasogea kutazama. Paleti ya mwisho ilipolingana na alichosema, hadi kilo, mmoja wao alimwinulia kofia.

Msimamizi alimshika bega. Alikiri kwamba amemdhania vibaya, kwamba kumbe mzee alikuwa anaona kitu wasichokiona wao, na kwamba atamwagiza karani aandike ripoti leo hii: hitilafu ya mizani, imegunduliwa na dereva. Fundi kijana aliyeifunga ataitwa kujieleza. Kuhusu wale wanne wa mwisho wa mwezi, alisema, mmoja ameshapatikana.

Mzee Ratili alifungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa miezi minane tangu mtu amshike bega namna ile.

Aliingia ofisini kunywa maji. Binti yake alikuwa peke yake, ripoti imefika nusu kwenye kompyuta, uso wake ukiwa na mwanga ambao hakuuona tangu mama yake aanguke.

"Baba, bohari nzima inakutaja. Babu angekuwa hai leo."

Mzee Ratili akaketi kwenye kiti cha wageni na kumweleza habari ya soksi. Mwanga ule ulizimika polepole. Binti aliinuka akausukuma mlango mpaka ukafungika, akarudi, akasema kwa sauti ya chini kwamba hakuna aliyedhurika, lori limeondoka na uzito wa kweli, ndege itapaa salama. Ni nani anayehitaji kujua?

"Mama bado yuko kitandani," alisema. "Ua wa nyuma ni juani kutwa, na unajua magoti yako. Na jina letu, Baba. Mimi mwenyewe nilipewa kazi hii kwa sababu ya jina hilo. Unataka waseme Ratili alishindwa kusoma sifuri?"

"Nilishindwa kusoma sifuri, mama."

"Ulikuwa umechoka."

"Bado nimechoka. Ndiyo maana siwezi kuongeza na hilo." Alinywa maji yote, akaigeuza glasi mkononi. "Yule fundi ana jina pia. Ana mama yake mahali. Babu yako alikuwa anarudi nyuma hatua mbili. Mimi nimeweka mguu juu ya jukwaa, na mtu wa kulaumiwa ni fundi?"

Binti aliigeukia ripoti. Alitazama herufi kwenye kompyuta kana kwamba zimeandikwa na mtu mwingine, kisha akazifuta moja moja, bila haraka, mpaka ukurasa ukawa mweupe.

Mzee Ratili alimkuta msimamizi varandani akizungumza kwa simu. Akangoja amalize. Alimweleza kwa maneno machache: mizani haina kosa, fundi hana kosa, nilivua soksi nikasahau sifuri, na kofia ilinizuia kuona. Msimamizi aliweka simu mfukoni. Aliuliza kwa nini hakusema pale getini.

"Sifa zilikuwa tamu," Mzee Ratili alisema.

Msimamizi alicheka kwa pua bila kutaka, kisha akakunja uso tena. Alisema kwamba anamheshimu, lakini hawezi kumwacha kwenye kupima baada ya jambo kama hili. Mteja atauliza, na wakubwa nao watauliza. Barua ya onyo itaandikwa. Kuanzia kesho, ua wa nyuma.

Barua iliandikwa na karani, kwa lugha safi, bila kosa hata moja la herufi. Haikuongeza lawama wala haikupunguza. Mzee Ratili aliisoma yote, akaweka sahihi, akamrudishia kalamu. Walirudi nyumbani pamoja kwa miguu, na njiani binti alimshika mkono kwenye kiwiko, jambo ambalo hakulifanya tangu akiwa shule ya msingi. Mama alipoambiwa kitandani, alisema kwamba angalau ua wa nyuma hauna ngazi. Halafu akaomba ageuzwe.

Paleti tupu hazina uzito wa kutabiri. Mzee Ratili alizibeba kumi kumi, akazipanga, akarudi, jua likimpiga kisogoni. Hakuna aliyemshindania soda. Jioni ya kwanza alifikiri kwamba amelipasua lile koti la marehemu, na kwamba baba yake alikufa na sifa ya mikono mgongoni, ilhali yeye atakufa na sifa ya soksi.

Asubuhi ya tatu alipita mbele ya mlango mkubwa na mzigo wake wa mbao. Foklifti za kupima zilikuwa zimejipanga, injini zikiunguruma. Kasi alikuwa wa kwanza. Aliingiza gia, kisha akaitoa, akainama kutazama skrini uma ukiwa mtupu, na kumpigia kelele aliyemfuata:

"Umevua soksi?"

"Nimevua. Sifuri. Na wewe wa nyuma, umevua soksi?"

Swali likapita kutoka foklifti hadi foklifti mpaka mwisho wa mstari, wakicheka, kila mmoja akiinama kabla ya kujibu. Hakuna skrini iliyokuwa na kofia. Ndipo Kasi akamwona, akainua mkono.

"Shikamoo, Mzee. Usikasirike, ni utani tu."

"Marahaba," Mzee Ratili alisema. "Nimekasirika wapi? Ulizeni kila siku."

Akafunga mikono mgongoni kidogo, pale juu ya kiti, kunyoosha mgongo uliokuwa ukimuuma. Kisha akashika usukani na kuendelea na paleti zake.