Fundi wa Sare Aliyenipekua Nyumba kwa Ajili ya Mbwa

Haya ninayoyaandika hakuna atakayeyaamini, na simlaumu mtu, maana hata mimi ningesimuliwa na mwingine ningemwambia akanywe maji apumzike. Mimi, dereva wa malori makubwa kwa miaka thelathini na moja, niliyevuka mipaka ambayo ninyi mnaiona kwenye ramani tu, bila kugonga hata kuku (kuku mmoja, na alijitakia), nilifanyiwa usaili na shemeji yangu kwa sababu ya mtoto wa mbwa. Tena nikashindwa. Tena nikalia. Hapana, sikulia, kulikuwa na vumbi.

Shemeji huyu ni mdogo wa marehemu mke wangu. Watu humwita Fundi, kwa kuwa anashona sare za shule, na nusu ya watoto wa mtaa wamepita mikononi mwake wakiwa wameinua mabega. Chumba chake cha mbele kina cherehani mbili, meza ya kukatia na kioo kirefu chenye ufa. Chini ya dirisha, pale ambapo fundi mwingine angeweka benchi la wateja, kuna sanduku la mbao lenye kuta fupi, limetandikwa vitambaa safi. Humo ndimo mbwa wake anazalia. Anaye jike mmoja tu. Amezaa mara mbili maisha yake yote, na Fundi amesema basi, hii ya pili ndiyo ya mwisho, mwili wa mwenzetu nao upumzike.

Walikuwa watano. Kila mmoja alivishwa shingoni utepe wa mabaki ya sare, mwekundu, wa kijani, wa buluu, ungedhani wanasoma shule tofauti. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango wa wateja aliwapima kwenye mizani ya jikoni na kuandika uzito kwenye daftari lake la vipimo. Mimi mwenyewe nilisoma humo: mwalimu mkuu, kiuno inchi arobaini na nne, chini yake, Utepe Mwekundu, kilo moja na nusu, amepewa dawa ya minyoo.

“Shemeji,” nikamwambia, “nifungie yule dume mweusi mkubwa.”

Hakuinua macho kwenye sindano. “Nani kakwambia unachagua?”

“Mnunuzi si ndiye anayechagua?”

“Huko kwenu kwenye malori. Hapa nachagua mimi. Na kwanza nije nione kwako.”

“Kwangu! Umekula kwangu miaka ishirini!”

“Nilikuwa nakuja kwa dada. Safari hii nakuja kwa ajili ya mbwa.”

Msidhani ni jeuri. Miaka mitano nyuma, huyo mama wa hawa watano alikuwa ndiye mtoto, wa mbwa mwingine wa Fundi aliyekwisha kufa, na Fundi alimtoa kwa mteja mmoja mwenye tabasamu pana na gari safi. Hakuuliza kitu. Miezi minne baadaye, akipeleka sare, akapita nyuma ya gereji ya yule bwana, akamkuta mbwa amefungwa kwa kamba fupi hata kulala hawezi, jua la saa saba limempiga, bakuli limekauka. Fundi hakubishana. Alifungua mkoba, akatoa mkasi wake wa kukatia kitambaa, ule ambao hata karatasi hauruhusiwi kukata, akakata kamba. Yule bwana alimfuata mpaka barabarani akipiga kelele. Fundi alikuwa amembeba mbwa mzima begani na sare kumi na mbili mkono wa pili. Mpaka leo mbwa yule ana pete ya ngozi tupu shingoni, manyoya hayakurudi.

“Kosa halikuwa la yule bwana peke yake,” aliniambia. “Mimi ndiye niliyempa.”

Tangu siku hiyo hatoi mtoto kabla ya wiki nane, hatoi bila kadi ya chanjo, na anakuandikisha karatasi: ukishindwa, mbwa anarudi kwake, si kwa mwingine. Wateja wawili aliwafukuza mbele yangu, mmoja kwa kusema tu kwamba mbwa anafundishwa kwa fimbo.

Sasa hapa niseme ukweli, nao ni mchache, msiuzoee. Nilimtaka mbwa yule kuliko nilivyoonyesha. Tangu mke wangu afariki, miaka miwili sasa, nyumba yangu haijasikia sauti isiyo yangu, na yangu mnaijua, inachosha. Kwa hiyo niliposikia anakuja kukagua, niliingiwa na akili za kitoto. Jirani yangu mwashi ana mbwa mzee. Nikaazima kwake kibanda cha mbwa wake, bakuli lake na brashi yake, nikavipanga uani kama duka.

Fundi alifika Jumapili mchana, amemshika mama mbwa kwa kamba. Hakusalimia nyumba. Alilala kifudifudi pale langoni, mwanamke mzima na gauni lake, akavua futi ya kupimia shingoni, akapima uwazi wa chini.

“Inchi sita. Hapa mtoto anapita na ndugu zake wote.”

“Nitaziba.”

“Lini?”

“Kesho.” Akanitazama. “Leo,” nikasema.

Akafika kwenye kibanda. Nikaanza kumweleza nilivyokijenga, mbao nilivyozichagua moja moja, usiku mzima nikipiga randa. Nilikuwa nimefika kwenye misumari wakati mbwa wa mwashi alipoingia kwa kupita palepale kwenye inchi sita, amejibana tumbo. Akatukatiza bila hata kutuangalia, akaingia kibandani, akajizungusha mara tatu, akashusha pumzi ndefu na kulala. Mama mbwa akamnusa, akatikisa mkia. Walielewana wale.

“Na huyu?” akauliza Fundi.

“Mgeni.”

“Mgeni anayejua kitanda chake.”

Nilitamani kucheka. Yeye hakucheka. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, pale alipozoea kukaa dada yake akipepeta mchele, akasema taratibu, “Shemeji, uliwahi kuwa na mbwa. Aliishia wapi?”

Nilikuwa na hadithi tatu tayari, zote nzuri, moja ina chui ndani. Sijui kwa nini hazikutoka. Nikamwambia nilimwacha kwa jirani wa zamani, si huyu mwashi, nikaenda safari ya wiki moja, ikawa miezi mitatu. Niliporudi, mbwa alinitazama kama mpangaji anavyomtazama mtu wa kodi, akarudi kulala miguuni pa yule jirani. Nikamwacha hukohuko. Wala sikuuliza kama ameumia kuningoja. Na nilipokuwa naongea nikajikuta sisemi tena habari za mbwa peke yake, maana mke wangu naye alihesabu zile safari, na yeye hakuwa na jirani wa kuhamia.

Fundi alirudisha futi yake shingoni. Kisha akasema, “Hilo ndilo neno la kwanza la kweli tangu nifike.”

“Kwa hiyo sipati.”

“Sijui. Wana wiki tano. Zimebaki tatu. Njoo kila jioni ukae chini sakafuni. Usiwaite, usiwashike, kaa tu. Nataka nione kama unaweza kuwa mahali.”

Nimeendesha kwenye matope, kwenye miteremko, breki zikinuka. Lakini kukaa sakafuni kwenye chumba cha fundi, mgongo ukutani, nyuzi zikinishika suruali, bila kuongea! Wateja walinivuka kama gunia. Siku ya nne magoti yalinigomea, nikaja na mto. Siku ya kumi na moja kajike kadogo ka utepe wa kijani, kale ambako hata sikuwa nimekahesabu, kaliacha ndugu zake, kakaja kakalala juu ya kiatu changu. Yule dume mweusi hakujua kama nipo. Mguu ulikufa ganzi nusu saa, sikuutoa.

Cherehani ikanyamaza. “Hako ndiko kako,” alisema Fundi, akaendelea kushona.

Leo kana miezi mitano, na Fundi amekuja kukagua, maana kwenye ile karatasi alijipa na haki hiyo. Amepima lango upya, amesoma kadi ya chanjo, na sasa amepita nyuma yangu kuingia vyumbani wakati mimi namalizia kuwaandikia nidhamu niliyomfundisha mbwa huyu. Ni nidhamu ya jeshi. Ndani haingii. Giza likianza namwambia mara moja tu, kwa sauti ya dereva, naye anakwenda mwenyewe kwenye kibanda chake, na kitandani kwangu ndiyo kabisa, hajawahi hata siku moja kuka—

“Shemeji! Haya manyoya kwenye mto wako ni ya nani?”