Kiti cha Nyuma Kabisa

Asubuhi yao ya mwisho haikuwa na ajabu yoyote. Kavugho alikunywa chai amesimama, andazi mkononi, akimgombeza mumewe kwa kuvaa shati la kanisani kwenda kuangalia magari.

"Papa Olga, Assumani akiona ile shati atapandisha bei. Vaa ile ya kupasuka. Atuonee huruma."

Maurice akabadilisha shati. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alizaliwa Yanonge, kando ya mto, akakua na kasia mkononi, shule hakuingia. Kavugho alitoka Butembo na magunia yake ya maharage, akafungua depo, ghala la kuyauzia, hapa Kisangani pamoja na kaka yake Timothée. Kisha akaolewa na mpiga kasia aliyekuwa anamvushia mizigo. Timothée alicheka siku ile, na kicheko kile hakikuisha miaka yote.

Sasa depo ilikuwa imenona. Kaka na dada walikubaliana wanunue jeep moja kubwa ya familia, ile ya safu tatu za viti. Timothée alitaka nyeusi. Lakini mbele ya watu alisema, "Dada yangu achague, mimi nitafuata."

Kavugho alikuwa na mtu wake moyoni. Dada ya Maurice, Mama Rosine, aliishi nao pale uani, na mguu wake ulikuwa umevimba hata haukunjiki tena. Familia ikienda misa au matanga, yeye hubaki mlangoni. Pikipiki haimbebi, toleka, baiskeli ya kubebea abiria, haimbebi. Kavugho alikuwa ameapa kwamba gari likinunuliwa, Rosine ndiye ataingia wa kwanza.

Kwa hiyo walimpeleka kwa Assumani, muuza magari, juu ya mkokoteni. Watoto wa njiani walimpigia makofi, naye akawapungia mkono kama askofu.

Jeep mbili zilikuwa chini ya mabati. Nyeusi ilikuwa ya karibuni, viti vya ngozi, inang'aa. Nyeupe ilikuwa na miaka yake, ndefu kama mtumbwi wa mizigo. Assumani alifungua mbele, akaanza kuhubiri injini. Kavugho alimpita, akaenda nyuma.

"Mama, boss anakaa mbele," Assumani akamwambia.

"Boss amezoea. Weye, gunia ya maharage unaiangaliaka wapi? Kwa mudomo?"

"Kwa mudomo, mama."

"Njo maana banakuuzisha mawe."

Mdomoni mwa gunia muuzaji huweka yale mazuri. Kavugho alizoea kuzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko na kuyatoa ya chini kabisa, hapo ndipo azungumze bei. Gari alilipima vilevile. Alipanda nyeusi, akapenya mpaka safu ya mwisho, akakaa. Magoti yakamfika kidevuni. Akamwita Rosine. Maurice akamsukuma, Kavugho akamvuta, mguu ukabaki nje na mlango haukufunga.

Katika nyeupe mguu uliingia wote, ukanyooka katikati ya viti. Assumani akawazungusha kwenye mashimo ya barabara, mashimo ambayo hayana huruma na mtu. Wanawake wawili walikuwa wanarushwa kule nyuma.

"Wifi, unaumia?"

"Nasikia njaa tu," Rosine akajibu, na wote wawili wakacheka mpaka Assumani naye akacheka.

"Tunabeba nyeupe," Kavugho akasema aliposhuka. "Kesho nitakuja na kaka yangu, tumalize."

Kesho haikumkuta. Mchana uleule, kwenye depo, alishika kichwa, akaketi juu ya magunia, akaanguka ubavu. Tension, walisema, presha ya damu. Alipelekwa hospitali kwa pikipiki, amebanwa kati ya dereva na Maurice. Maurice alimshika kutoka nyuma. Kabla hawajafika alisikia mwili umekuwa mzito kwa namna nyingine. Hakumwambia dereva. Aliendelea kushika.

Matanga yakawekwa uani. Siku ya mazishi Timothée aliingia na jeep. Ilikuwa ile nyeusi, maua mbele, kitambaa cha zambarau kwenye vioo. Watu walisimama kuitazama. Wengine walisahau kulia.

Maurice akamfuata pembeni.

"Kavugho alichagua nyeupe. Ulisema yeye njo atachagua."

"Beau-frère, shemeji yangu, ile iko ya kubebea mihogo. Dada yangu asindikizwe na kitu ya kuzeeka? Bazee ba Butembo bako banaangalia."

"Rosine haingii mu hii."

"Bon, abaki alinde nyumba. Mulinzi naye anatakikana."

Ikawa hivyo. Mbele alikaa Timothée. Katikati wakakaa mkewe na wazee waliotoka Butembo. Mwenye kufiwa na mke akaonyeshwa nyuma, pamoja na mashada ya maua. Alikwenda makaburini amejikunja, uso kati ya magoti, miiba ya mashada inamchoma shingo. Jeneza lilikuwa mbele, juu ya lori. Yeye njia nzima hakuliona. Rosine alibaki mlangoni, mguu juu ya kigoda, akimlilia wifi yake peke yake.

Waliporudi walinawa mikono, wakaketi kula. Timothée alikuwa ameridhika. Magari ya wengine yalikwama matopeni, lake halikukwama, na jambo hilo alikuwa ameshalisimulia kwa kila aliyeshika sahani. Akainua sauti ili wazee wa Butembo wasikie.

"Beau-frère, weye ulikuwa naye. Sema kweli mbele ya familia. Dada yangu alipanda hii nyeusi ao hakupanda?"

"Alipanda."

"Munasikia? Alipanda. Na akasema nini?"

Olga, binti wa Maurice, alimtazama baba yake na kutikisa kichwa polepole, akimsihi anyamaze. Rosine naye aliacha kutafuna. Maurice aliweka sahani chini. Maneno yake mwenyewe hakuwa nayo siku ile. Alikuwa na ya mkewe, akayatoa kama alivyoyapokea.

"Alisema: 'Assumani, muzuri iko muzuri, sikatai. Lakini hii iko motuka ya mutu mwenye hana ndugu. Umutafute ule mutu, umuuzishe.'"