Gari Nililomchagulia Mjomba

Zamani nilikuwa fundi wa magari Gatsata, mtaa wa magereji pale Kigali, na watu walisema nikisikiliza injini dakika mbili nitakuambia inaumwa wapi. Sifa hizo zilinipanda kichwani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikitembea kama mtu anayeombwa ushauri hata akiwa amelala. Kwa hiyo mwaka 1991 mjomba wangu wa Biryogo, kaka yake mama, alipotaka kununua gari, hakumuuliza mtu mwingine. Aliniuliza mimi, na hadi leo natamani angemuuliza muuza nyanya.

Mjomba alikuwa fundi cherehani. Alishona magauni ya harusi, na kila alipomaliza gauni aliona familia ya bibi harusi ikihaha kutafuta gari la kumbeba. Akawaza kwamba kama nguo ni yake, gari nalo linaweza kuwa lake, likodishwe kila Jumamosi. Akauza kiwanja alichoachiwa na babu, kile alichokuwa akisema atajenga kabla macho hayajachoka na sindano.

"Mimi sitafuti mbio," aliniambia. "Nataka gari yenye bibi harusi akishuka, watu wananyamaza kwanza. Na isinimalize."

Tukaenda kwenye yadi moja ya magari Muhima. Pale palikuwa na mawili yaliyotufaa, yote ya Kijerumani na ya ukoo mmoja, yale madogo ya anasa ambayo mtu hununua akiwa bado hajafikia makubwa ya mawaziri. Jeupe lilikuwa la silinda nne, viti vya kitambaa, limekaa juu kidogo, halina makuu. La bluu lilikuwa la silinda sita, viti vya ngozi nyeusi, matairi mapana, na mwili ulioshushwa hadi ukadhani linachutama. Bei ya la bluu ilizidi kwa karibu thuluthi. Mjomba angeweza kulinunua, lakini asingebaki na akiba. Akichukua jeupe, angebaki na cha petroli, cha matairi, na cha kula miezi isiyo na harusi.

Nikayajaribu kwenye mlima wa kutoka Nyabugogo kupanda Muhima, peke yangu. Jeupe lilipanda kwa gia ya pili huku likilalamika, lakini lilipanda. La bluu nililitia gia ya tatu, nikakanyaga, mgongo ukabanwa kwenye kiti, na lori lililokuwa mbele yangu likawa nyuma yangu kabla sijaamua kulipita. Nilicheka peke yangu mle ndani. Nikashuka bondeni, nikapanda tena. Nikarudia mara ya tatu, na safari hiyo sikuwa napima kitu chochote. Mjomba alikuwa amesimama yadini ameshika kofia yake mkononi, akinisubiri.

Sasa niseme lililo kweli. Gereji yetu ilikuwa na desturi: gari la kubeba watu hupimwa likiwa na watu. Unajaza wanne, unampa mwingine usukani, wewe mpimaji unakaa nyuma, mnakwenda kwenye barabara mbovu. Mzee aliyenifundisha kazi alisema dereva hafai kuulizwa, maana dereva siku zote anafurahi. Mimi mwenyewe nilikuwa nawafundisha wengine hivyo. Siku ile nilikaa nyuma ya lile la bluu dakika moja tu, pale pale yadini. Magoti yangu yakagusa kiti cha mbele. Nikatoka haraka kabla mjomba hajaona.

"Mbona hii iko chini hivi?" mjomba aliuliza. "Kule kwetu itapita?"

"Itapita polepole, mjomba. Ile nyeupe haina nguvu. Siku iko na watu, mulima itaishinda."

"Wewe ndiyo unajua."

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Tulikuwa tumeshakubaliana kwamba Jumamosi dereva nitakuwa mimi. Nilishajiona nimetoa kiwiko dirishani, Nyamirambo nzima inageuza shingo. Nilipima gari la mjomba kwa kiwiko changu.

Harusi za kwanza zilikuwa za barabara ya lami, na watu kweli walinyamaza bibi harusi aliposhuka. Lakini msafara wa harusi huenda mwendo wa miguu, watu wanaimba ubavuni, mpiga picha anarudi kinyumenyume mbele yako. Miezi yote ile sikuwahi kutia gia ya tatu nikiwa na bibi harusi ndani. Silinda zote sita zilikunywa petroli ya bure. Tairi moja lilipopasuka, Kigali nzima haikuwa na saizi yake, likaagizwa jingine nje, na Jumamosi tatu zikapita gari limekaa juu ya mawe.

Kisha ikaja harusi ya Biryogo kwenyewe, msimu wa mvua. Nyuma walikaa bibi harusi, shangazi yake na msimamizi wake, wamebanana, gauni limewafunika hadi kidevuni. Tulipoingia kichochoro cha kwao, tumbo la gari likapanda juu ya tuta la udongo, likakaa. Nikakanyaga. Matairi yale mapana yakazunguka, yakawarushia waimbaji matope.

"Bibi arusi yetu atembee kwa miguu?" shangazi aliuliza, kwa sauti ya chini, akinitazama kwenye kioo.

Alitembea. Mjomba alikuja mbio kutoka kwenye waalikwa, akainama, akalishika pindo la gauni alilolishona mwenyewe kwa wiki tatu, akalibeba nyuma ya binti wa watu kichochoro kizima, viatu vyake vikizama. Mimi nilibaki kwenye usukani.

Biryogo habari haihitaji gazeti. Wakodishaji wakaisha, na baada ya miezi michache gari likarudi yadini, likauzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya jeupe. Kiwanja kilikuwa kimekwisha kujengwa na mtu mwingine. Mjomba akarudi kwenye cherehani yake.

Jumapili moja tulikuwa kwenye mgahawa wa chai jirani na kibanda chake, mimi na yeye na wazee wawili wa mtaa. Mmoja akauliza, kwa utani tu, nani alimchagulia lile joka la bluu. Nikainamisha macho kwenye kikombe. Nilijua zamu yangu imefika.

"Mimi mwenyewe," mjomba alisema. "Huyu mwana wa dada yangu alinikataza. Alisema tuchukue ile nyeupe. Mimi nikashupaa, tamaa ya uzee."

Mzee akanigeukia. "Kweli ulimukataza?"

Mjomba hakunitazama. Alikuwa akimega chapati.

"Nilimukataza," nikasema.

Wazee wakacheka, wakamwambia mjomba kwamba asiyesikia la fundi atalipa gereji. Akacheka nao. Kisha akanisogezea nusu ya chapati, akasema nile kabla haijapoa. Nikala.