Fundi Elimringi na Dirisha la Shangazi

Elimringi ni Mchaga wa Machame, mimi ni Mpare wa Usangi, kwa hiyo kwetu matusi huja kwanza, salamu baadaye. Utani huo tuliukuta kwa mababu, na tulipohamia Texas hatukuuacha uwanja wa ndege. Nikikutana naye kanisani hapa Lewisville huniuliza kama nimeshauza ng'ombe ili nipate kuendesha kesi ya kuku. Mimi humuuliza kama ameshafunga mizigo ya Desemba, maana Mchaga hata akihamia mwezini, Krismasi atateremka tu aende Kilimanjaro. Wakenya tunaosali nao walidhani kwa muda mrefu kwamba tuna ugomvi wa mirathi.

Kule Moshi Elimringi alikuwa fundi wa grili. Miaka ishirini na sita alichomelea vyuma vya madirisha katika karakana yake ya Majengo, na kila grili aliiwekea alama yake kwenye kona ya chini, nusu jua lenye miale saba. Mtu akijenga nyumba, alimwita Elimringi kabla hajanunua kitanda. Mwaka 2017 binti yake akamleta Marekani, na tangu hapo kazi yake ikawa kufunga maboksi kwa utepe kwenye ghala moja. Haikuwa kazi mbaya, ila hapakuwa na mtu wa kumwita fundi. Ghalani walimwita Eli. Kanisani walimwita Mzee, jina ambalo mwanamume wa miaka hamsini na saba mwenye meno yake yote hana haraka nalo.

Siku moja tulisimama kwenye maegesho ya kanisa, akayatazama maghorofa ya ng'ambo ya barabara na kutikisa kichwa.

"Mtani, ona. Madirisha yote haya yako uchi."

"Usiyatazame basi. Wewe si mtu wa kanisa?"

Nilicheka peke yangu. Yeye aliendelea kuyatazama.

Sasa, paka. Paka aliletwa nyumbani na Glory, binti yangu wa miaka kumi na tisa, ambaye hupokea wagonjwa katika kliniki moja huko Plano. Alimtoa kwenye kituo cha kulelea wanyama na kumpa jina la Kizungu ambalo mimi sikulishika. Nilimwita Shangazi, kwa sababu kila akiingia chumbani husimama kwanza mlangoni, akakagua, kisha akakaa kama mtu aliyekuta vumbi. Hata baba Glory, ambaye ni dereva wa malori na nyumbani huonekana mwisho wa wiki, alikiri kwamba ni dada yake mtupu.

Tunakaa ghorofa ya tatu. Aprili ya 2019, siku yenye hewa tamu, nilifungua dirisha la chumba cha Glory. Lina wavu wa mbu. Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo nje ya wavu kuna chuma, kwa hiyo nikiona wavu, akili yangu huweka chuma yenyewe. Nikashuka kufua. Nilipokuwa narudi na kikapu cha nguo nikainua macho, nikamwona Shangazi ameegemeza mwili wote kwenye wavu, na wavu umefura kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Nje ya wavu hapakuwa na chuma. Palikuwa na hewa, na chini ya hewa palikuwa na lami.

Nilitupa kikapu, nikachomoa shuka, nikalitandaza kwa mikono miwili na kuanza kukimbia huku na huko chini ya dirisha kama golikipa. Jirani mmoja Mzungu aliyekuwa anapeleka taka aliweka mfuko wake chini na kushika ncha nyingine za shuka bila kuuliza kitu. Wavu ukachomoka. Ulishuka taratibu ukipepea, ukatua katikati ya shuka letu. Shangazi alibaki juu kwenye kizingiti. Aliutazama wavu, akatutazama sisi wawili tulivyokunja magoti, kisha akaanza kulamba mguu.

Tangu hapo nikafunga madirisha yote na kuteremsha mapazia. Siku nne zilitosha kutupa wazimu. Shangazi alirarua kiti, akaangusha chungu cha maua, akapanda juu ya friji na kukataa mazungumzo. Siku ya nne nilimkuta amejiviringisha kamba ya pazia shingoni, anajivuta nyuma na kuzidi kujikaza. Nilimfungua. Jioni nikamwambia Glory kwamba Jumapili paka anarudi alikotoka, maana nyumba hii itamuua, na mimi sitaki kuwa pale.

Nilitegemea abishane. Alinijibu kwa Kiingereza, neno moja tu, sawa, akambeba Shangazi na kwenda naye chumbani kwake. Ningependelea anipigie kelele.

Elimringi alipopiga simu kunitukana kama kawaida, nilimweleza yote.

"Subiri," akasema. "Paka asiyetoka nje? Amefungwa kwa kosa gani?"

"Nje kuna magari. Na kuna mbweha wa huku, wanakula paka."

"Kwa hiyo ni mahabusu. Na gereza lenyewe halina grili. Mtani, mmeniaibisha."

"Kama una ufundi tuuone basi. Mimi naona maboksi tu."

Tuna matusi mengi mabaya kuliko hilo, lakini lile halikuteleza kama mengine. Kisha akasema taratibu, "Jumapili huyo paka hatoki humo ndani. Akitoka, usiniite fundi tena, hata kwa utani."

Alikuja siku hiyo hiyo na tepu ya kupimia. Alipima dirisha, akapima na paka, masikio hadi mkia, na Shangazi alikubali kupimwa kama mtu anayeshonewa gauni la harusi. Jumatano alirudi kutoka gereji ya Otieno, Mkenya mmoja wa Plano mwenye mashine ya kuchomelea, akiwa na grili begani. Ilikuwa grili kamili, ya Moshi kabisa, rangi ya kijani, na nusu jua lenye miale saba kwenye kona. Niliiona tu nikasikia usalama mwilini.

Hakufika nayo hata mlangoni. Meneja wa jengo, bwana mpole asiyeachana na kikombe chake cha kahawa, alimkuta kwenye ngazi. Kiingereza cha Elimringi ni cha maboksi, kwa hiyo Glory alisimama katikati akitafsiri.

"Anasema hairuhusiwi chuma dirishani."

"Mwambie nimeweka grili za benki."

"Anasema hongera. Anasema moto ukiwaka, watu watatokea wapi?"

Elimringi alishusha grili, akaiegemeza ukutani. Aliitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo huku wanaogopa moto," akasema. "Sisi tulikuwa tunaogopa mwizi. Na huyu paka, yeye anaogopa nini?"

Glory alifikiri, akajibu kwa Kiswahili, jambo ambalo si la kila siku. "Haogopi kitu, baba. Amechoka tu kuona ukuta."

"Ah," akasema Elimringi, akaipandisha tena grili begani na kushuka ngazi. Nilidhani ameenda zake.

Alhamisi alasiri alirudi nayo ikiwa imekatwa vipande na kuungwa upya. Ilikuwa imekuwa ngazi ya kusimama sakafuni, yenye miguu minne iliyopanuka kama ya twiga anayekunywa maji, na juu yake mbao tatu zilizokazwa kwa nati, kila moja imevikwa zulia ili kucha zishike. Niliisukuma kwa nyonga na nguvu zangu zote za Upareni, haikuyumba. Aliisimamisha kando ili nusu ya dirisha ibaki wazi kwa watu na moto wao. Ubao wa chini aliufanyia kijipaa cha kivuli, maana jua la Texas likiingia dirishani halichagui mtu. Kisha akakata fimbo ya mbao na kuilaza kwenye reli ya dirisha, likawa linafunguka vidole vinne tu. Pua ya paka inapita, paka hapiti, na fimbo unaitoa kwa mkono mmoja ukitaka. Kamba za mapazia alizifupisha, akazifunga juu kabisa nisipozifikia hata mimi. Meneja alipanda kukagua, akaitoa fimbo, akairudisha, akanywa kahawa, akasema vizuri sana.

"Umeweka chumbani kwa Glory," nikasema. "Sawa. Sebuleni pana kiti changu."

Tulisimama wote watatu kumngoja Shangazi. Aliingia, akasimama mlangoni, akakagua. Alizunguka ile ngazi mara mbili. Kisha akaingia ndani ya boksi lililoleta zulia, akajikunja na kulala.

"Amechagua boksi," Elimringi akasema.

"Anaijua kazi yako ya sasa."

Alicheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa na mguu mmoja. Ijumaa alipitia kwetu akitoka kazini, bado na fulana ya ghala, akakaa sakafuni na kumbembeleza Shangazi kwa Kichaga. Shangazi alimsikiliza kwa heshima kutoka ndani ya boksi. Jumamosi akaja na kipande cha samaki na kukiweka ubao wa juu kabisa. Shangazi alipanda, akala, akatazama nje kidogo, akashuka. Nilitazama na mimi. Dirisha lile limeelekea ukuta wa jengo la pili, na juu ya ukuta kuna bomba. Bomba halifanyi kitu.

Jumapili tukatoka kanisani pamoja. Elimringi hakunitukana hata mara moja, mpaka Mkenya mmoja akamuuliza kama anaumwa. Nyumbani, Glory alileta kisanduku cha kubebea paka, akakiweka karibu na mlango, akaweka juu yake mfuko wa chakula na kibakuli chake kidogo. Elimringi alienda chumbani kuifungua ngazi yake. Nilisikia spana ikigonga chuma.

Mimi nilienda kusimama dirishani kwangu sebuleni, nikasukuma pazia kando. Ni mahali ninapokaa. Kutoka pale naona maegesho yote, lango, na barabara mpaka taa za njia panda. Naona Glory anavyoingia na gari lake kila jioni, na kabla hajaingia sina kazi nyingine. Nalijua gari la kila mtu. Najua nani kahama, nani kanuna, na mbwa gani anamburuta mwenye mbwa. Siku ile miti ya maegesho ilikuwa imejaa wale ndege weusi wa Texas wenye mikia mirefu, wenye sauti kama mlango unaohitaji mafuta, wanapigana kwa sababu ya mkate.

Kitu kizito kikatua kwenye mgongo wa kiti changu. Kisha kikapanda begani kwangu. Shangazi alinyoosha shingo mbele ya pua yangu, masharubu yote yamesimama, na kooni akaanza kutoa mlio mdogo wa kukatika-katika, kama cherehani ya mbali. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anafuata ndege, akahamia kwenye gari jekundu la muuguzi mmoja wa ghorofa ya kwanza, akarudi kwa ndege.

Hapakuwa na mtu sebuleni zaidi yetu. Nakiri kwamba nilikaa kimya. Spana ilikuwa inagonga kule chumbani, na mimi nikapiga hesabu ya kiti changu, na meza ya chai, na pa kusimama. Mwanamke wa umri wangu ana vitu vichache vilivyo vyake mwenyewe ndani ya nyumba. Shangazi akanikanyaga sikio ili aone vizuri.

"Mtani," nikaita. "Acha hiyo spana. Walete wachukuzi wa Kichaga, chuma kihamie huku."

Alitokea mlangoni, akatuona tulivyo, mimi na paka kichwani. Yeye na Glory wakaibeba ngazi, nikakivuta kiti changu pembeni, na kabla Elimringi hajaiachia mikono, Shangazi alikuwa ameshapanda ubao wa juu, amekaa, amezungusha mkia miguuni, anatazama maegesho kama mwenye nyumba za kupangisha. Wakaweka fimbo kwenye reli. Hewa ikaingia vidole vinne pamoja na kelele zote za ndege.

Elimringi alikaa sakafuni akacheka mpaka akavua miwani. Glory alicheka, halafu alikuwa halii wala hacheki, halafu akachukua kile kisanduku akakirudisha kabatini bila kuniuliza. Nilimwacha. Nilipika pilau ya watu kumi, tukala watu watatu.

"Fundi," nikamwambia Elimringi nikimwongezea nyama, "ila miguu ya hii ngazi imepinda kama ya shemeji yako."

"Kaishtaki," akasema, mdomo umejaa.

Glory alikuwa amepiga picha, na picha haina mipaka. Kabla Aprili haijaisha alipiga simu Jerioth, muuguzi Mkenya wa Plano mwenye paka wawili wanaotaka kuua mapazia yake. Baada yake mwalimu mmoja, baada yake yule jirani wa shuka, ambaye kumbe ana paka mzee asiyeona vizuri na alihitaji ngazi fupi. Jumamosi Elimringi hukaa gereji kwa Otieno na kofia ya kuchomelea, na simu ikilia hupokea kwa sauti ambayo binti yake anasema hakuisikia tangu Moshi: "Fundi hapa."

Niliandamana naye kwa Jerioth kwa sababu alidai Mpare analeta bahati ya bure. Jerioth alitupeleka moja kwa moja kwenye dirisha la stoo, mahali ambapo hapasumbui mtu. Elimringi hakutoa tepu mfukoni.

"Dada," akamuuliza, "wewe mwenyewe ukirudi kazini, huwa unasimama dirisha gani?"

Jerioth alicheka. Kisha akaacha kucheka, akageuza kichwa polepole kuelekea jikoni.

"Hilo," akasema Elimringi, na kuanza kupima.