Mvua Niliyoiandika

Mtasema mzee amechanganyikiwa. Semeni. Mimi nilikuwepo, akili zangu timamu, na ilikuwa saa saba mchana, si usiku ambao mtu anaweza kusingizia giza.

Mwishoni mwa miaka ya sitini nilifanya kazi na bwana mmoja wa Kisumu, mtafiti wa ndege. Alitaka kujua shakwe wa ziwa letu huzaa vipi na huhamia wapi, kama hufika hata pwani. Kazi yangu ilikuwa kupiga kasia hadi mwamba wanapotaga, kuwavisha makinda pete za bati zenye nambari, na kuandika daftarini nilichoona. Sharti lake lilikuwa moja: umalize kabla ya saa tatu asubuhi. Ukiwa pale wazazi hukaa angani wakilia, na kinda asiye na kivuli cha mama huiva juu ya jiwe.

Jumamosi moja nilichelewa kwa sababu ya dansi ya Ijumaa mjini. Nilifika saa tano, na badala ya kurudi nikavisha pete hadi saa nane. Nilipoinua kichwa, makinda zaidi ya hamsini walikuwa wamelala midomo wazi. Bwana alikuwa safarini, na alikuwa ameahidi kuniandikia barua ya kuingia chuo. Nikaandika: "Wamekufa. Mvua kubwa." Wiki hiyo halikuanguka hata tone.

Jumamosi iliyofuata nilirudi. Mwanamke alikuwa ameketi kati ya viota vitupu, na hapakuwa na mtumbwi mwingine ila wangu. Jiwe lilinichoma kupitia viatu. Yeye aliketi bila hata kanga chini, midomo imepasuka kwa kiu.

"Wewe ndiye karani wa ndege?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nimekuja kuchukua ile mvua."

Nikacheka. "Mvua gani, mama? Si unaona jua?"

"Naliona. Basi andika hivyo."

Daftari sikuwa nimemwonyesha mtu. Nani alimwambia? Penseli ilikuwa mfukoni, niaminini, na kulikuwa na maneno mawili tu ya kufuta. Nikaifikiria barua yangu. Nikamwambia nitaandika kesho.

"Sawa, baba," akasema kwa upole. "Basi nitachukua yako."

Niliinama kufungua kamba ya mtumbwi. Nilipogeuka, jiwe lilikuwa tupu.

Chuo nilienda. Bwana aliandika kwamba mvua ndiyo huua makinda wa shakwe, akafa akiamini hivyo. Nami nina shamba karibu na Bondo, na mvua huishia kwa jirani. Ukisimama mpakani, bega moja linalowa, jingine linabaki kavu. Mke wangu alivumilia misimu sita, kisha akahamia kwa mwanetu anayeishi Maseno. Simlaumu.

Wewe uliyepewa kazi ya kuandika ulichokiona, kiandike siku hiyohiyo, hata kama kitakuaibisha. Mimi nimeandika leo. Asubuhi kulikuwa na mawingu mazito. Yamemwagikia kwa jirani.